Kidoko na Sarufi: Uhakiki wa Maelezo ya Lugha ya Kikora

Ni ada ya waandishi wa isimu, wanapofika kwenye lugha za Kikhoe za kusini mwa Afrika, kuanza na kidoko. Kidoko ndicho hupewa sura ya kwanza, ndicho huchorewa majedwali, na ndicho humpa mwandishi nafasi ya kusimulia jinsi alivyotaabika kukitamka. Sarufi hufuata baadaye, aghalabu kwa kurasa chache na kwa sauti ya mtu aliyekwisha choka. Ada hii imezoeleka hata haionekani tena kuwa ni uamuzi. Lakini ni uamuzi, na una matokeo yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika habari za Kikora, kutukuzwa kwa kidoko kumekifunika kile hasa kilichoifanya lugha hiyo iwe yenyewe, na kwamba wanaotamani kujifunza Kikora leo wamerithi kasoro hiyo pamoja na vitabu.

Kikora, ambacho jina lake huandikwa ǃOra kwa alama ya kidoko mwanzoni, kilikuwa lugha ya wafugaji wa jamii ya Wakhoekhoe. Waholanzi walipopiga kambi katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, waliwakuta watu wa jamii hiyo wakichunga ng'ombe na kondoo. Ndui ya mwaka 1713 iliwafyeka wengi. Ardhi na mifugo vikaendelea kuwatoka mikononi. Na makundi kadhaa, Wakora wakiwamo, yakawa yanaishi kandokando ya mto Gariep, ambao ramani nyingi huuita Orange, na kandokando ya mto Vaal. Huko nako hawakuachwa. Vita viwili vya mpaka wa kaskazini wa Koloni ya Rasi, vya 1868–1869 na 1878–1879, viliwavunja nguvu kabisa, na watoto wao wakakulia katika Kiafrikana, lugha ya mashamba ya mabwana. Ilipoanza karne hii walikuwa wamebaki wazee wa kuhesabika kwa vidole waliokumbuka lugha yao. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni Kinama, ambacho nchini Namibia huitwa pia Kikhoekhoe na kina wasemaji wengi. Na kwa kuwa sarufi za lugha hizi mbili zinafanana sana katika mambo ya msingi, mifano itakayotolewa hapa itatoka katika Kinama, ambacho maumbo yake yanajulikana barabara.

Kwanza kidoko kipewe haki yake. Msomaji wa Kiswahili hakosi kukijua, ingawa huenda hajapata kukifikiria kuwa ni konsonanti. Mwenye kusikitika hupiga kidoko cha meno. Mwenye kumhimiza punda hupiga kingine kwa ubavu wa ulimi. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili sauti hizi hazishikamani na irabu wala haziingii katika neno. Zimekaa nje ya lugha, pamoja na kikohozi na mluzi. Katika Kikora zimo ndani ya neno kama ilivyo *p* au *t*.

Namna ya kuzitoa ni hii. Nyuma ya ulimi huinuka ikagusa kaakaa laini, na wakati huohuo ncha au ubavu wa ulimi huziba mahali fulani mbele. Kati ya vizuizi hivyo viwili hubaki hewa kidogo. Ulimi ukishuka katikati, hewa hiyo hupungua nguvu. Kizuizi cha mbele kinapoachiliwa, hewa ya nje huingia kwa kishindo. Kikora kilikuwa na aina nne za vishindo hivyo: cha meno, kinachoandikwa ǀ, cha ubavuni, kinachoandikwa ǁ, cha ufizi, ǃ, ambacho hutoka kwa mlio wa kizibo kinachong'olewa chupani, na cha kaakaa gumu, ǂ, kikavu na cha ghafla. Hizo ni njia za kuingiza hewa tu. Kizuizi cha nyuma nacho huachiliwa kwa namna mbalimbali: kwa wepesi, kwa pumzi, kwa kufunga koo, kwa mkwaruzo, au hewa ikipita puani.

Aliyeyapanga mambo haya kwa ufasaha ni D. M. Beach wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu fonetiki ya lugha iliyoitwa wakati huo Kihotentoti, jina ambalo leo ni tusi. Beach alitenga mwingio wa kidoko na mtoko wake, akaonyesha kwamba katika Kinama miingio minne ikikutana na mitoko mitano huzaa vidoko 20. Kikora kilikuwa na mtoko wa sita, mkwaruzo mkali unaotolewa koo likiwa limefungwa, kwa hiyo vidoko vyake vilifika 24. Kazi hii haijachuja. Kabla yake wasafiri waliandika vidoko ovyo ovyo, wengine wakiviita kukuu kwa kuku, wengine wakiviruka kabisa. Beach aliyekaa akasikiliza, akapima hata toni, anastahili heshima aliyopewa.

Hata hivyo jedwali la sauti 24 lina hila yake. Anayelitazama hudhani kwamba lugha nzima inamwagika vidoko kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Sivyo. Katika Kinama, na katika Kikora vilevile, kidoko kina mahali pamoja tu pa kukaa: mwanzo wa mzizi. Katikati ya mzizi huruhusiwa konsonanti chache laini, kama *b*, *r*, *m* na *n*. Na katika viambishi, yaani katika zile chembe zinazobeba nafsi, jinsia, idadi, wakati na kauli za kitenzi, takriban hakuna kidoko hata kimoja. Chukua sentensi nyepesi ya Kinama: *Khoeb ge ǁgamma ra ā*, maana yake "mwanamume anakunywa maji". Ni maneno matano, na kidoko ni kimoja, katika neno la maji. Kinachomtambulisha mwanamume ni *-b*. Kinachoonyesha kwamba maji ni yambwa ni *-a* ya mwisho. Kinachoonyesha kwamba hii ni kauli ya taarifa na si swali ni *ge*. Kinachoonyesha kwamba kunywa kunaendelea ni *ra*. Vyote ni vya sauti ambazo mtoto wa Mombasa angezitamka bila kufundishwa.

Hapa ndipo ilipo hoja kuu ya uhakiki huu. Sarufi ya lugha za Kikhoe haina kidoko. Sikio lililokuja kuwinda vidoko linashika mizizi na kuacha viambishi. Linaondoka na magogo ya nyumba, kamba zilizoyafunga zikabaki porini.

Na kamba zenyewe ni za kustaajabisha. Neno *khoe* ni mtu. Likivikwa *-b* huwa mwanamume, likivikwa *-s* huwa mwanamke. Wanaume wawili ni *khoekha*, wanawake wawili ni *khoera*. Wanaume wengi ni *khoegu*, wanawake wengi ni *khoedi*, na watu wa jinsia zote pamoja ni *khoen*. Mwalimu wa Kiswahili atavutwa kuviita viishio hivi ngeli, na kwa kiasi fulani ana haki, maana hata hapa umoja na wingi na aina ya kitu vimefumbatwa katika kiambishi kimoja, na mzizi mmoja huweza kubadilishwa kiishio ili kuonyesha umbo au ukubwa, kama Kiswahili kinavyotoka kwa mtoto kwenda kwa kitoto na jitoto. Lakini mfanano unakoma upesi. Ngeli za Kiswahili haziulizi kama anayetajwa ni mume au mke, na haziingii katika nafsi ya kwanza wala ya pili isipokuwa kwa upatanisho wa kitenzi. Viishio vya Kikhoe huuliza mambo matatu kwa mpigo: ni nafsi ipi, ni jinsia ipi, ni wangapi, na huyauliza kwa nomino na kwa kiwakilishi sawasawa. *Khoeb* ni mwanamume yule; *khoets* ni wewe mwanamume. Nomino yenyewe hugeuka ikamtazama anayeambiwa.

Jambo hili hudhihirika zaidi katika nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili kina *sisi*, neno moja linalobeba mzigo mzito bila kulalamika. Msemaji akisema "sisi tutakwenda", msikilizaji hubaki akijiuliza kama naye amealikwa. Kinama hakimwachi katika shaka hiyo. *Sada* ni sisi, nawe ukiwamo, wake kwa waume. *Sida* ni sisi, wewe ukiwa nje. Wakiwa wanaume watupu husema *sage* wanapomjumuisha msikilizaji na *sige* wanapomtenga. Wanawake watupu husema *sase* na *sise*. Na hayo ni ya wingi tu. Watu wawili wana maumbo yao. Haiwezekani kutamka "sisi" katika lugha hii bila kwanza kuamua nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Mtu anaweza kujiuliza jinsi mahubiri ya wamisionari yalivyosikika yalipolazimika kuchagua kati ya maumbo haya kila mhubiri aliposema "sisi wenye dhambi".

Vitenzi navyo vina mnyambuliko ambao mwanafunzi wa Kiswahili ataupokea kama jamaa wa mbali. *Mû* ni kuona. *Mûgu* ni kuonana. *Mûsen* ni kujiona. *Mûhe* ni kuonwa. Na kipo kiambishi *-ba* cha kumtendea mtu, kinachofanya kazi ya *-ia* na *-ea*. Kitenzi husimama mwisho wa sentensi, baada ya yambwa. Mengine katika upande huu ni ya kawaida na hayahitaji kurefushwa.

Sasa yafaa kuuliza: ikiwa sarufi ni tajiri hivi, ilikuwaje ikapuuzwa? Jibu lina uchungu kidogo, kwa sababu ukweli ni kwamba haikupuuzwa na watu wote. Ilipata kutazamwa, ikatazamwa vibaya, na baada ya hapo wenye busara wakaona heri kuikaa mbali.

Wilhelm Bleek, ambaye baadaye alilipa kundi la lugha za Kiswahili, Kizulu na nyinginezo jina la Kibantu, aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Bonn mwaka 1851 kuhusu jinsia za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, akizilinganisha na Kikopti na lugha za Kisemiti. Hoja yenyewe ilikuwa ya kisarufi, na swali lake lilikuwa halali. Lakini katika mikono ya Carl Meinhof swali liligeuka kuwa hukumu. Kitabu chake cha 1912 kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti kiliiweka lugha ya Nama miongoni mwake kwa sababu ya viishio vyake vya jinsia, kana kwamba sarufi yenye kiume na kike haikuweza kuchipuka kusini mwa Afrika pasipo wageni kutoka kaskazini. Vidoko, kwa fikira hiyo, vilitoka kwa majirani wawindaji waliohesabiwa duni. Lugha ikapasuliwa vipande viwili: sarufi yake ikapewa wageni wa kufikirika, sauti zake zikapewa wanyonge. Watu waliozungumza lugha yenyewe hawakubakiwa na kitu. Wanaomjua Meinhof kwa kazi yake juu ya ngeli za Kibantu, nao ni wengi katika idara za Kiswahili, yawapasa wamjue na kwa kazi hii pia.

Nadharia ya Wahamiti ilipoporomoka, pendulo liliyumba upande wa pili. Mwaka 1963 Joseph Greenberg alizikusanya lugha zote za vidoko zisizo za Kibantu wala za Kikushi katika familia moja ya Khoisan, kutoka Rasi hadi Wahadza na Wasandawe wa Tanzania. Haki imtendekee: Greenberg alitoa orodha za maneno na za viambishi, hakutegemea vidoko peke yake. Waliomfuata ndio waliofupisha hoja ikawa kwamba penye kidoko pana Khoisan. Leo wataalamu wengi hawaikubali familia hiyo. Huona familia tatu kusini, moja ikiwa ya Kikhoe pamoja na Kikwadi cha Angola kilichokwisha kufa. Kihadza husimama peke yake. Na Kisandawe huenda kikawa na undugu na Kikhoe, kama walivyopendekeza Tom Güldemann na Edward Elderkin mwaka 2010. Na yafaa kutazama ushahidi wao una uzito wapi. Unaegemea sana viwakilishi vya nafsi. Kamba zilezile zilizoachwa porini ndizo zilizorudi kutoa ushahidi wa nasaba.

Kama kuna mtu ambaye bado ana shaka, na azitazame lugha za Kishua na Kitshwa huko mashariki mwa Botswana. Hizi ni lugha za Kikhoe bila ubishi. Lakini, kama Anthony Traill na Rainer Vossen walivyoeleza mwaka 1997, zimepoteza sehemu kubwa ya vidoko vyake, hasa vile vya ufizi na vya kaakaa gumu, na mahali pake zimeweka vipasuo vya kawaida. Msemaji wa Kitshwa hakuacha kuwa Mkhoe kwa sababu neno lililoanza kwa ǃ sasa huanza kwa *k*. Kwa upande mwingine Kixhosa kina vidoko tele na ni Kibantu; Kidahalo cha pwani ya Kenya kina vidoko katika maneno machache na ni Kikushi. Kidoko huhama, huazimwa, hufa. Ni mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Kukifanya kitambulisho cha lugha ni kumtambua mtu kwa kanzu aliyoivaa.

Kwa mizani hiyo, kumbukumbu za Kikora zapimwaje? Za mwanzo ni orodha za maneno za wasafiri, kama ile ya Lichtenstein aliyezuru sehemu hizo mwanzoni mwa karne ya 19. Orodha ina thamani yake, ila kwa asili yake haiwezi kubeba sarufi ya aina hii. Msafiri huelekeza kidole na kuuliza "hiki nini?", naye hujibiwa nomino moja yenye kiishio kimoja. Uwili haumo, nafsi ya pili haimo, yambwa haimo. Hata anayejibu kwa uaminifu mkubwa hawezi kutoa zaidi ya alichoulizwa. Mmisionari C. F. Wuras alikaa na watu kwa muda mrefu zaidi, na kazi yake inaonyesha hivyo.

Kipimo kinabadilika kwa Lucy Lloyd. Mwaka 1879, wakati vita vya pili vya Gariep vikiisha, aliandika masimulizi kutoka kinywani mwa Mkora aliyeitwa Piet Links. Lloyd hakuwa na cheo cha chuo kikuu, na kwa muda mrefu sifa za kazi yake zilimwendea shemeji yake, Wilhelm Bleek aliyetajwa hapo juu. Lakini aliyafanya yale ambayo wenye vyeo hawakuyafanya: alimwacha msimulizi asimulie. Katika hadithi wahusika huitana, hudanganyana, hujitenga wawili wawili, huulizana na kujibizana. Na kila wanapofanya hivyo viishio hulazimika kujitokeza. Hadithi ndiyo mahali pekee ambapo sarufi ya Kikhoe hutoka yote hadharani. Meinhof alipotoa kitabu chake juu ya Kikora mwaka 1930 alikiita, kwa jina lake la Kijerumani, lahaja tu ya Kihotentoti, na jina hilo lilikaa. Lakini hata yeye alitia matini ndani yake, na matini hizo zimeishi kuliko nadharia yake. L. F. Maingard naye, katika kitabu chake cha 1962, aliziweka hadithi na sarufi chini ya jalada moja, jambo ambalo lilistahili kuigwa zaidi ya lilivyoigwa.

Urithi huu wote uliotawanyika ulikusanywa na Menán du Plessis katika *Kora: A Lost Khoisan Language of the Early Cape and the Gariep*, kitabu kilichotolewa mwaka 2018 na Unisa Press pamoja na jumba la kumbukumbu za mtandaoni, South African History Online. Mwandishi huyu alijulikana kwanza kama mtunzi wa riwaya, na jambo hilo si la kando: katika kitabu chake matini za Wakora zimepewa sura yao wenyewe, zikatendewa kama urithi wa watu na si kama machimbo ya mifano. Kuna maelezo ya sauti, ya miundo, kamusi, na katika toleo la kielektroniki msomaji anaweza kuisikia lugha yenyewe. Baada ya miaka zaidi ya 150 ya vijitabu na daftari zilizofungiwa katika maktaba za miji mitatu au minne, mtu wa Kimberley au Bloemfontein anaweza sasa kukisoma Kikora bila kujua Kijerumani. Ni kazi kubwa, na lawama zinazofuata zisimfanye mtu akasahau ukubwa wake.

Lawama ya kwanza ni ya jina. Neno la Kiingereza lililotumiwa katika kichwa cha kitabu maana yake ni "iliyopotea". Mzungumzaji wa Kiswahili atalishtukia mara moja, kwa kuwa lugha yake inamlazimisha kuchagua kati ya kupotea na kupotezwa. Ufunguo hupotea. Lugha ambayo wasemaji wake walinyang'anywa malisho, wakapigwa vita mara mbili na watoto wao wakakulia katika lugha ya mwajiri, hiyo imepotezwa. Kitabu chenyewe kinaijua historia hiyo na kuieleza vyema. Jalada ndilo lililoisahau.

Lawama ya pili ni ya mpangilio. Baada ya utangulizi na mjadala wa uainishaji, sauti zinakuja kwanza, miundo inafuata, na matini zinakuja baadaye. Huu ni mpangilio wa desturi, na hakuna mhariri angeupinga. Lakini kitabu hiki hakikuandikwa kwa wanaisimu tu. Kimekusudiwa pia wazao wa Wakora. Mzao huyo anayekifungua akiwa na Kiafrikana kinywani hukutana kwanza na mlima wa vidoko 24. Wengi watarudi nyuma hapohapo wakiamini kwamba lugha ya mababu imewashinda. Laiti wangekutana kwanza na viishio, na njia ya kusema "sisi" sita au zaidi, wangekuwa wamekwisha shika moyo wa lugha kabla ulimi haujaanza kuteleza. Swali la uainishaji nalo lina uzito wake: tasnifu ya du Plessis ya mwaka 2009 ilitetea dhana ya umoja wa lugha za Khoisan za kusini, na ni vigumu kutouona mvuto wa dhana hiyo katika neno "Khoisan" lililobaki kwenye jalada. Angeliandika "Khoe" tu, asingepoteza msomaji hata mmoja, na angempa Mkora jamaa zake wa kweli.

Haya si mabishano ya wasomi peke yao. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaagiza lugha za Khoi, Nama na San ziendelezwe. Mwaka 2000 taifa hilo lilizindua ngao mpya yenye maandishi ya ǀXam, lugha iliyokwisha kufa na ambayo haikuwa ya Kikhoe bali ya familia nyingine, ya Tuu. Alama za vidoko sasa zimechorwa kwenye sarafu. Hakuna ubaya katika kuheshimu, lakini yafaa kutambua kile kinachoheshimiwa: ni sura ya kidoko, mstari na alama ya mshangao, kitu kinachopendeza kwenye chuma. Viishio havichongeki kwenye sarafu.

Wala Wakenya wasijione wako mbali. Mwulize mwanafunzi yeyote wa isimu katika vyuo vya Kenya anajua nini kuhusu Kidahalo. Atasema kwamba kina vidoko, na hapo atanyamaza. Fonetiki yake ilichunguzwa na Ian Maddieson na wenzake katika makala ya mwaka 1993. Sarufi yake iliandikwa kwa muhtasari na Mauro Tosco mwaka 1991, na ni wachache walioisoma. Wasemaji waliobaki wanazungumza Kiswahili kila siku, na ni Kiswahili kinachowachukua watoto wao, kama Kiafrikana kilivyowachukua watoto wa Wakora. Idara zinazofundisha Kiswahili zina deni hapo ambalo halijaandikwa katika daftari lolote.

Limebaki jambo moja la kimbinu. Mtafiti anayemkuta msemaji mmoja wa mwisho ataweza kurekodi vidoko vyote 24, maana kidoko hakihitaji zaidi ya kinywa kimoja. Atapata "mimi" na "wewe", na pengine "yeye". Lakini umbo la "sisi wawili, wewe usiyehusika", lenye namna yake kwa wanaume wawili, kwa wanawake wawili, na kwa mume na mke, haliwezi kusikika kwa kawaida yake mpaka wawe wamekaa wasemaji wawili upande mmoja na mgeni upande wa pili. Mzee aliyebaki peke yake ataweza kulitaja umbo hilo akiulizwa. Kulitumia hataweza, kwa sababu hana tena wa kulitumia naye.